Kuiga na Kubuni

Ewe msomaji, mtu akitwaa kitu cha mwenziwe akakigeuza kuwa kingine, je, amebuni au ameiba? Jawabu moja laweza kupatikana hapa Kapkatet, katika nchi yetu ya chai.

Hapo zamani santuri za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, zilifika kwa Wakipsigis. Watu walilitamka jina lake kwa ndimi zao, likawa Chemirocha. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akinasa nyimbo, alifika Kapkatet akainasa sauti ya Chemutoi Ketienya na wasichana wenziwe wakimwimba Chemirocha kwa kinubi. Katika masimulizi yao mgeni huyo amekuwa kiumbe wa ajabu, nusu mtu nusu swala.

Je, wasichana hao waliiba? Hasha. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haitaki kazi itoke katika utupu. Hutaka mtunzi awe ametia juhudi ya kutosha kuipa kazi sura yake yenyewe, na kazi iwe imeandikwa au imenaswa. Jina tupu halifanyi wimbo.

Sasa mtazame mwanafunzi anakilipo insha ya mwenziwe na kuandika jina lake juu. Yeye amebadili jina, kazi ameiacha ilivyo. Wasichana wa Kapkatet waliliacha jina, wakabadili kazi yote. Hapo ndipo penye mpaka baina ya wizi na ubunifu.

Tena, kwa kulitaja jina la mgeni, walionyesha asili ya walichokipokea. Nasi tuwatendee vivyo hivyo. Sheria hutenga haki ya utungo na haki ya sauti iliyonaswa, kwa kuwa mwenye kunasa ana jasho lake, lakini achotaye maji siye chemchemi. Tuusikiapo wimbo huu, tusimtaje Tracey peke yake tukamsahau Chemutoi.

Basi, kijana, usione haya kujifunza kwa wengine, maana hapana mtu aliyejifundisha kusema. Pokea, tia jasho lako, kisha umtaje aliyekupa. Sheria yaweza kukuachilia usipomtaja, dhamiri haitakuachilia.