Wema Wenye Malipo: Fundisho la Mgunga

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Methali hii twaifundisha kila mwaka, na kila mwaka huzua swali lile lile darasani: mgeni akishashika jembe, je, ukarimu wa mwenyeji ungali ukarimu, au umekwisha kuwa biashara?

Swali hilo si geni kwetu tunaofundisha Kiswahili Nyabugogo, penye soko na kituo kikuu cha mabasi cha Kigali. Mwenye duka humpa mchukuzi baraza ya kujikinga na mvua, naye mchukuzi humwangalizia bidhaa zake. Hapana mkataba uliotiwa sahihi. Wako wanaouita ujirani huo utu; wengine husema ni hesabu tu.

Ili kuzipima hoja hizo, na tuutazame mti mmoja wa Afrika Mashariki. Katika mbuga za Laikipia, Kenya, huota aina ya mgunga ambao wataalamu huuita Vachellia drepanolobium. Baadhi ya miiba yake huvimba chini na kuwa na uwazi ndani. Sisimizi huitoboa na kufanya humo makazi yao; upepo upitapo kwenye matundu hayo, mti hupiga mbinja. Zaidi ya nyumba, mti huwapa sisimizi maji matamu yatokayo penye majani. Nao humwuma kwa ukali tembo au twiga anayekuja kula.

Mwaka 1995 watafiti walizungushia nyua baadhi ya sehemu za mbuga hiyo, wanyama wakubwa wasiingie. Baada ya miaka kumi hivi, migunga iliyokuwa ndani ilikuwa imepunguza nyumba na chakula cha sisimizi. Adui hayupo, mlinzi wa nini? Lakini matokeo yaliyotangazwa mwaka 2008 na Todd Palmer na wenzake yalikuwa kinyume cha matarajio. Sisimizi walinzi walipungukiwa na nguvu, wakazidi kufuga wadudu wanaoufyonza mti. Pengi mahali pao pakatwaliwa na sisimizi wa aina nyingine, wasiolinda, ambao hukaa katika mashimo yaliyochimbwa na mabuu ya mbawakawa. Migunga iliyokaliwa na hao ilikua polepole, na vifo vyake vilikuwa mara mbili ya vile vya migunga yenye walinzi.

Hatusemi kwamba mti una dhamiri. Mti haujui shukrani wala hiana. Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani, alifundisha kwamba urafiki wa manufaa hufa manufaa yakomapo. Mgunga waonekana kumwunga mkono, lakini watuongezea jambo: mlinzi alikuwa akifanya kazi zaidi ya ile iliyohesabiwa. Aliyeajiriwa kwa sababu ya twiga alikuwa pia kizuizi cha maadui wadogo wasioonekana.

Kwa hiyo twaamini kuwa faida, ikiwapo mwanzoni, haiuharibu wema. Jembe si tusi kwa mgeni. Kipimo ni siku ile haja itakapokwisha. Mwenye duka akinunua mlango wa chuma, kisha akamfukuza mchukuzi barazani, havunji sheria yoyote; lakini amekuwa kama mti, hali yeye ana kumbukumbu, na mti hauna.

Nasi walimu neno hili latuhusu. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na wanafunzi wetu wengi hujifunza kwa ajili ya soko na safari. Tusiwadharau: hata lugha huweza kuingia nyumbani kwa jembe, ikabaki kama ndugu. Yatupasa tu kuwafundisha mambo ambayo soko haliyahesabu: salamu, pole, mashairi na utani.

Twasema, "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki." Basi wenzetu na walipeleke darasani swali la pili, ambalo methali imetuachia: dhiki ikiisha, rafiki huyo tutamweka wapi?