Marumaru ya Rangi na Wasifu wa Fundi

Fundi wa rangi za mapambo huishi kwa kuiga. Huchukua nguzo ya saruji akaipa sura ya marumaru, na mlango wa mbao hafifu akaupa sura ya mninga. Hupiga msasa, hupaka praima na rangi ya chini, kisha hupitisha rangi nyepesi ya mafuta, na kabla haijakauka huchora mishipa ya jiwe kwa brashi nyembamba, sponji, hata unyoya. Vanishi huja mwisho. Katika makanisa mengi ya karne ya 18 kusini mwa Ujerumani, nguzo zinazong'aa kama marumaru ni plasta iliyotiwa rangi tu. Je, waumini wa huko wamekuwa wakisali kando ya uongo?

Sidhani. Mwenye jengo aliagiza pambo, akalipia pambo. Uongo ungeanza kama angetozwa bei ya jiwe. Lakini fundi huyohuyo akikaa kuandika wasifu wa kuombea kazi, mambo yanabadilika, kwa maana karatasi ile hakuna aliyekubali iwe pambo. Mwajiri anausoma kila mstari kama jiwe.

Tunawafahamu vijana walioandika kwamba walipaka hoteli nzima, kumbe walishika ngazi na kupiga msasa. Wengine huambatanisha picha za kuta za watu walizozitoa kwenye intaneti. Ezekieli, katika sura ya 13, anausema ukuta dhaifu uliofunikwa chokaa, na mvua inayokuja kuufunua. Kwa fundi, mvua hiyo ni siku ya kwanza kazini. Ila anayeumia kabla ya siku hiyo ni fundi mwingine, aliyeandika kweli akaachwa, na watoto wake wanasubiri ada.

Wapo pia, hasa tuliolelewa kanisani, wanaokosea upande wa pili. Wanaandika "fundi rangi" na kunyamaza, wakidhani kutaja ujuzi ni majivuno. Hawa wasome Kutoka 31. Mungu mwenyewe anamtaja Bezaleli kwa jina, ukoo na kabila (kabila, kwenye wasifu wa leo, liachwe), kisha anaorodhesha kazi zake: dhahabu, fedha, shaba, kukata vito, kuchonga miti. Sura ya 38 inamweleza Oholiabu kwa nakshi na kwa taraza za nyuzi za samawi, zambarau na nyekundu. Kila mmoja ana orodha yake, wala hakuandikiwa ya mwenzake. Na chanzo cha ujuzi kimetajwa kwanza, kwamba ni Roho wa Mungu, hivyo orodha yenyewe haina pa kujivunia.

Basi fundi aandike: nimepiga msasa na praima chini ya fundi mkuu, mninga nauiga mwenyewe, marumaru bado najifunza. Aliyejifunzia mtaani bila cheti hana haja ya kughushi, maana VETA huwapima mafundi wa namna hiyo na kuwapa vyeti.

Iko hoja moja nzito. Watu husema kila mwombaji hutia chumvi, na waajiri wanajua, hivyo hupunguza nusu ya wanachosoma. Msema kweli naye hupunguziwa, akabaki na nusu. Ni kweli hutokea, na sina jibu la kumtuliza aliyekosa kazi kwa sababu hiyo. Lakini kazi hii ina nafuu ambayo karani hana. Kazi ya hema ilipokwisha, Kutoka 39, Musa aliiangalia kazi yenyewe, ndipo akawabariki. Fundi anaweza kubeba kipande cha ubao, upande mmoja mninga, upande wa pili marumaru yake ya kujifunza, akauweka mezani kando ya karatasi, na brashi yake mfukoni kama ataambiwa arudie palepale.