Mkifika Gitega, Ulizeni Chungu Kilifinyangwa na Nani

Wanangu,

Nimesikia mnachanga faranga za basi mkalione Jumba la Makumbusho la Taifa kule Gitega. Mmoja wenu alinisimamisha njiani akauliza kama kweli inafaa kumaliza siku nzima mkitazama vikapu na mikuki, ilhali picha za kila kitu zimo kwenye simu. Nilimjibu kwa mkato kwa sababu sala ilikuwa imekaribia. Jibu refu ndilo hili, na mlisome wote.

Nendeni. Lakini msiende kuhesabu vitu. Jumba lile lilianzishwa mwaka 1955, enzi za Wabelgiji, na waliolianzisha walivutiwa zaidi na ikulu. Mtaona vitu vya mwami, yaani mfalme, na watu wake, picha za zamani, ngoma, mikuki, vikapu vilivyosukwa kwa mkono usiokosea. Si jumba kubwa. Kijana mwenye pupa hulimaliza kwa dakika chache, kisha anatoka nje kununua soda na kuwaambia wenzake kwamba hamna kitu mle. Pupa hiyo ndiyo ninayowakataza. Kila mtakapokitazama kitu, ulizeni kilitoka mikononi mwa nani, na mwenye mikono hiyo alikuwa akila na kunywa na nani.

Anzeni na chungu. Vyungu vya Burundi kwa sehemu kubwa vilifinyangwa na jamii ya Batwa. Walichimba udongo mabondeni, wakaukanda na kuutoa mawe, wakauinua kwa vidole bila gurudumu, wakavichoma vyungu nje kwa majani na kuni, kisha wakavibeba kichwani kwenda kuvibadilisha kwa maharage au mtama. Hapakuwa na nyumba, ya tajiri wala ya maskini, iliyopika bila jasho lao. Bia ya mtama ya harusi ilichachukia ndani ya mitungi yao. Na bado, katika nyumba hizo hizo, Mtwa aliyeleta mtungi asingepewa nafasi ya kunywa pamoja na wengine. Aliwekewa chake pembeni, akaketi pembeni. Sisi wa Rumonge, hapa kando ya Ziwa Tanganyika, tusijifanye wasafi katika hili. Kiburi hicho kilishuka milima kikafika mpaka pwani.

Sasa chungu kimekaa mahali pa heshima na wageni wanakipiga picha. Mwenye kukifinyanga yuko wapi? Ndoo za plastiki na sufuria za alumini zimemmalizia soko lake, na mabonde mengi aliyochimba udongo yamekuwa mashamba ya mpunga. Katiba ya mwaka 2005 iliwatengea Batwa viti vitatu katika Bunge na vitatu katika Seneti, jambo la haki. Lakini kiti cha Bujumbura hakimsaidii mama ambaye udongo wake umelimwa na jirani. Mkisimama mbele ya chungu mkasifia umbo lake bila kulifikiria hilo, mtakuwa mmetalii tu.

Jambo la pili linahusu adabu ya ulimi. Msimwulize mwenye kuwaongoza, "Hiki ni cha kabila gani?" kwa sauti ile ninayoijua, ya mtu anayetafuta cha kwao ili ajisifu au cha wenzake ili acheke. Ulizeni kilitengenezwaje, kilitumika wapi, nani alirithi kazi hiyo. Rumonge haina haja ya kufundishwa mambo ya kabila yanaweza kufikisha wapi. Mauaji ya Aprili 1972 yalipita hapa hapa, na watu walivuka maji kwa mitumbwi kuelekea Kigoma wakiwa na walichovaa tu. Wengine walizeeka kwenye makazi ya wakimbizi kule Tanzania, Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wengine wamerudi wakakuta mchikichi wa baba yao una mwenyewe mwingine. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za mji huu hamtakuta kiti cha babu wala kikapu cha bibi. Havikuachwa kwa uzembe. Basi anayesema watu wa Rumonge hawana vitu vya kale, mjibuni taratibu.

Hatuko peke yetu katika hili. Huko Kambodia, kwa Wakhmer, jumba lao kubwa la makumbusho la Phnom Penh lilifunguliwa mwaka 1920. Walipotawala Khmer Rouge, kuanzia 1975 hadi 1979, mji ulihamishwa wote na jumba likaachwa bila watu. Sanamu za mawe zilivumilia, maana jiwe halili. Walioangamia ni watu: wachezaji na walimu wa ngoma ya kifalme walikufa kwa wingi mno, na ngoma ile ilikuwa imekaa katika viungo vyao, haikuandikwa ukutani. Wachache waliobaki hai walikusanya watoto wakaanza kuwafundisha kwa kukumbuka, mkono huu hivi, kidole hiki hivi. Mwaka 2003 UNESCO iliitangaza ngoma hiyo kuwa miongoni mwa urithi bora wa binadamu. Nawaambia hayo ili mjue kwamba kuta na vioo vinatunza nusu tu. Nusu nyingine imeketi barazani kwenu ikikohoa, na ninyi mmetia visikizio masikioni.

Mkiwa Gitega, pandeni na Gishora, si mbali na mji. Mwami Mwezi Gisabo aliiweka pale ngome ya ngoma, na ngoma mbili za heshima, Ruciteme na Murimirwa, zina historia yao ambayo wenyeji watawasimulia vizuri kuliko mimi. Hapo kuna faida ambayo jumba halina: wapigaji wenyewe wapo, kazi wameirithi baba kwa mwana, na mnaweza kuwauliza ni mti gani unaofaa, na ngozi hufungwa vipi. UNESCO iliiingiza ngoma hii katika orodha ya urithi mwaka 2014. Mabinti, mtaona wanaume tu wakipiga. Agizo la mwaka 2017 liliwazuia wanawake. Mimi nina maoni yangu juu ya agizo hilo na nyinyi mna yenu. Pale msibishane na wapigaji, hawakuliandika wao.

Kuhusu njia: nendeni kwa Bujumbura, mrudi kwa Bururi. Ni mzunguko, najua, na dereva atanung'unika kuhusu mafuta. Lakini njia ya Bujumbura inawapitisha Mugere, kwenye lile jiwe lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya Novemba 25, 1871. Mmelipita mara nyingi mkiwa mmelala. Safari hii shukeni. Wazungu wale wawili walitoka Ujiji kwa mtumbwi kutaka kujua kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Waliukuta unaingia. Watu wa kandokando walikuwa wakilijua hilo tangu zamani, maana walivua mdomoni mwake. Na wazungu hawakupiga makasia. Waliopiga ni watu wao, wakiongozwa na watu wa Ujiji walioujua upepo wa kusini na kila ghuba ya kulala. Jiwe lina majina mawili. Lisomeni, halafu hesabuni makasia.

Naja sasa kwenye linalonikera zaidi. Mtarudi kutoka Gitega mkijua ngoma za mwami, na hamtajua lusenga ni nini. Kabla ya miaka ya 1950, kabla Wagiriki hawajaleta boti za injini na nyavu za kuzungushia, ndagala, yaani dagaa, wa ziwa hili walivuliwa kwa lusenga: wavu wa mfuko uliofungwa kwenye mti mrefu, mtu amesimama mbele ya mtumbwi, moto unawaka kwenye omo kuwavuta samaki, naye anawachota gizani bila kupindua chombo. Kisha zikaja karabai, zikaja mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, zikaja zile kubwa tunazoziita apolo, na leo ni taa za betri. Kila hatua ilikuwa na ufundi wake na nyimbo zake na ugomvi wake. Mbinu za zamani za kukamua mawese nazo zinakwenda hivyo hivyo. Mnanunua mafuta kwenye chupa mkidhani yalizaliwa humo.

Kwa hiyo kabla ya basi kuondoka, kila mmoja atafute mzee mmoja wa ufukweni au mama mmoja aliyekamua mawese kwa mikono. Nendeni baada ya alasiri, si asubuhi watu wakiwa sokoni au wanaanika ndagala. Pigeni hodi, mwamkieni, msitoe simu mpaka mmeomba ruhusa, na akikataa kurekodiwa, andikeni kwa kalamu. Akikataa na kalamu, sikilizeni tu. Andikeni jina lake kama anavyotaka liandikwe, mahali, na tarehe. Kitu kisicho na jina la mtu kitawasumbua wajukuu zenu kama chungu kile kinavyotusumbua sisi. Msimwahidi fedha, lakini msiende mikono mitupu: sukari kidogo inatosha.

Mimi nipo Jumapili. Karabai langu bado lipo chini ya kitanda, bila kioo, na lusenga nadhani mikono bado inakumbuka kuufunga mkinitafutia mti ulionyooka na uzi wa kutosha.