Kufungwa kwa Makusudi: Ni Huruma au Wizi?

Msimu wa mpira ukikaribia kwisha, hasa katika madaraja ya chini, swali moja huwarudia vijana wetu. Timu moja iko katikati ya orodha: haipandi wala haishuki. Nyingine iko hatarini kushushwa daraja. Zikikutana, ile ya kwanza huambiwa: "Ninyi hampotezi kitu. Wahurumieni ndugu zenu." Je, Mkristu aweza kukubali kufungwa kwa ajili hiyo?

Sisi wa Kenya, hapa Lubumbashi, yatupasa kulijibu swali hili, maana mpira wa mji huu ulilelewa na Kanisa. Mwaka 1939 wamonaki Wabenedikto wa shule ya Mtakatifu Bonifasi waliunda timu ya Saint-Georges, ambayo leo ni TP Mazembe.

Wengine husema: "Pande mbili zikipatana, nani ameibiwa?" Tutazame jambo lililojulikana duniani kote. Tarehe 25 Juni 1982, huko Gijón, Hispania, Ujerumani Magharibi iliifunga Austria 1-0. Matokeo hayo yalizifaa timu zote mbili, na baada ya bao lile hawakushindana tena kwa nguvu. Aljeria, iliyokuwa imemaliza michezo yake siku iliyotangulia, ikatolewa. Basi aliyeumizwa hakuwamo uwanjani.

Na madaraja ya chini si salama. Mwezi Februari 2016, katika Ligi Daraja la Kwanza ya Tanzania, Geita Gold na Polisi Tabora ziligombania nafasi moja ya kupanda. Siku ya mwisho Geita iliifunga JKT Kanembwa 8-0, na Polisi Tabora iliifunga JKT Oljoro 7-0. Kamati ya nidhamu ya shirikisho iliamua kwamba matokeo yalipangwa. Timu zote nne zikashushwa, na Mbao FC ya Mwanza ikapandishwa.

Hapa ndipo tuonapo kiini cha neno. Nafasi ya kupanda, au ya kubaki, si mali ya timu inayokubali kufungwa. Ni mali ya atakayeishinda kwa haki. Anayeitoa agawa kitu cha mwingine, hata asipopokea faranga moja. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba huruma haivunji haki, bali huitimiza. Sadaka inayotolewa katika mfuko wa jirani si sadaka. Yaingia katika amri ya saba.

Twajua kwamba wachezaji wa madaraja ya chini ni maskini, na mara nyingi nauli yenyewe ni taabu. Hatuwahukumu kwa wepesi. Tena si kosa kocha kuwapumzisha waliochoka na kuwaingiza vijana, ilimradi kila aingiaye acheze kwa nguvu zake zote.

Lakini huruma ina njia zake. Timu ikiwahurumia wenzake, iwape viatu na mipira, iwachangie nauli, na wakishuka iwatembelee wasikate tamaa. Hivyo ni vyake, yaweza kuvitoa. Na zile dakika tisini ziachwe kwa haki, kwa ajili ya yule asiyekuwapo uwanjani, anayengoja kwa moyo wote kusikia matokeo.