Je, Yafaa Kufanya Mfano wa Chombo cha Vita?

Jambo tunalotaka kulifikiri pamoja nanyi mwezi huu lilianzia katika kitu kidogo, urefu wake dhiraa moja tu. Mwanafunzi wetu mmoja, katika kijiji kisicho mbali na Tabora, alikileta shuleni baada ya likizo, amekifunga katika kipande cha kanga. Alipokifungua tuliona kifaru. Si yule mnyama wa porini, bali lile gari la vita lenye ngozi ya chuma, liendalo kwa minyororo.

Hatukupata kuona kazi ya mtoto iliyofanywa kwa uangalifu namna ile. Kiwiliwili chake ni bati la mikebe, na minyororo ameikata katika mpira wa gurudumu bovu, pingili kwa pingili. Mnara wa juu wazunguka, na mzinga wainuka na kushuka. Vipimo vyake ni moja kwa ishirini: kifaru chenyewe, cha namna iitwayo Type 59, kilichotengenezwa China, kina urefu wa mita 9 pamoja na mzinga wake, naye amekifanya sentimeta 45. Lakini lililotushangaza zaidi ni uchakavu wake. Mtoto hakutaka kionekane kipya. Alikwangua kutu katika jembe kuukuu, akaichanganya na utomvu, akaipaka penye mikwaruzo. Alitia masizi ubavuni, panapotoka moshi. Alibandika vumbi jekundu la barabara yetu katika minyororo. Na kando ya mlango wa mnara, mahali pa kupandia na kushukia, aliifuta rangi mpaka bati likaonekana, kana kwamba mikono ya watu imepashika siku nyingi.

Walimu tuligawanyika. Mmoja alisema, "Kivunjwe. Tukimsifu mtoto kwa chombo cha kuua, tutakuwa tumemfundisha kupenda kuua." Mwingine alisema, "Kisifiwe, kipelekwe maonyeshoni. Mkono uliofanya hiki utatengeneza kesho pampu ya maji." Sisi tuliosalia hatukujua la kujibu, kwa maana kila mmoja alikuwa na sehemu ya haki.

Tulipofikiri tuliona pia kasoro ya kila neno. Kuvunja mfano si kuvunja vita. Mtoto aliyenyimwa bati ataokota kijiti na kukifanya bunduki, na sasa atacheza kwa siri, asikosikia neno la mkubwa. Wala ustadi peke yake si udhuru, kwa kuwa hata mizinga ya kweli imetengenezwa na mafundi stadi. Nchi za mbali wako watu wazima wanaofanya kazi kama hii ya mtoto wetu. Kampuni ya Tamiya ya Japani huuza visanduku vya vipande vya kuunga, moja kwa thelathini na tano, na wanunuzi hukesha wakipaka matope na kutu za kuigiza. Tusidhani kwamba watu hao wote wapenda vita. Wengi wao wapenda kitu kifanane na ukweli. Basi swali letu likawa hili: ukweli wa kifaru ni nini?

Swali hilo hatukulijibu sisi. Lilijibiwa na babu yake mtoto, ambaye ni askari mstaafu. Mzee huyo alikuwa katika vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka wetu mwishoni mwa Oktoba 1978, na mji wa Kampala ulitwaliwa tarehe 11 Aprili 1979. Vifaru vya namna hiyo vilikuwamo katika jeshi letu, naye alikwenda kwa miguu nyuma yake.

Mtoto alimwamkia, "Shikamoo, babu," akamwonyesha kazi yake. Mzee alikigeuza kifaru mikononi mwake kwa muda, kisha akaweka kidole penye mlango wa mnara.

"Mjukuu wangu, hapa rangi imeisha kwa kushikwa. Imeshikwa na mikono ya nani?"

Mtoto alinyamaza.

"Ndani yake hukaa watu wanne," akasema mzee. "Kamanda, mpiga mzinga, mpakiaji wa makombora, na dereva. Umeonyesha alama za mikono yao, wao wenyewe hukuwaonyesha. Tena kutu hii ni nyingi. Kifaru chenye wenyewe hupanguswa na kutiwa mafuta. Kikiliwa na kutu namna hii, kimekwisha achwa. Basi watu wake wako wapi?"

"Sijui, babu. Sikuwafikiri."

Mzee hakumkemea. Alikaa kitako, akawa kimya muda mrefu, kisha akaomba maji ya kunywa.

Tangu siku ile tumelitafakari neno lake, na twaona kwamba halihusu kifaru kimoja tu, wala halimhusu mtoto peke yake. Kifaru cha kwanza kiliingia vitani katika nchi ya Ufaransa tarehe 15 Septemba 1916. Waingereza walipokitengeneza walikipa jina la tangi, ili mwenye kusikia adhani ni chombo cha maji. Siku nne baadaye, tarehe 19 Septemba 1916, jeshi la Wabelgiji liliingia Tabora, na Wajerumani walikuwa wameondoka. Huku kwetu hapakuwa na kifaru. Mbung'o waliua ng'ombe na farasi, kwa hiyo vita vilichukuliwa na watu kichwani na mabegani: risasi, unga, hata vipande vya mizinga. Katika njia ya misafara, itokayo Bagamoyo kupita Tabora hata Ujiji, wazee wetu Wanyamwezi walikuwa wamechukua pembe za ndovu na vitambaa, mtu na mzigo wake wa frasila mbili. Vita vilipokuja viliyataka tena mabega ya wapagazi. Maelfu mengi ya watu wa Afrika Mashariki walikufa katika kazi hiyo, na wengi zaidi waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi.

Sasa tazameni jinsi wanavyokumbukwa. Mjini Dar es Salaam iko sanamu ya shaba iliyowekwa mwaka 1927. Ni askari aliyeshika bunduki yenye singe, ameielekeza bandarini, nayo imefanywa kwa ustadi mwingi. Lakini juu ya nguzo ile askari yu peke yake. Mjini Nairobi ukumbusho wa vita ile ile una watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Waliosimamisha sanamu zote mbili walikuwa mafundi. Hata hivyo ile ya Nairobi yasema ukweli zaidi, kwa sababu imemhesabu aliyebeba mzigo. Na hapo Dar es Salaam jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa vita hiyo. Kila siku watu hununua na kuuza pale, na ni wachache wakumbukao kwamba wanalitaja jeshi la watu waliokwenda wamejitwika mizigo.

Basi jibu letu ni hili. Kufanya mfano wa chombo cha vita si dhambi, lakini ni deni. Anayeigiza mkwaruzo amekubali kusema habari ya aliyekwaruzwa. Akionyesha uchakavu wa chuma tu, amesema nusu ya habari, na nusu hiyo yadanganya kuliko kimya, kwa sababu yafanana sana na ukweli. Chuma huchakaa, kikapakwa rangi, kikawa kipya. Mguu wa mtu hauoti tena, wala mama hapakwi rangi akamsahau mwanawe.

Kwa hiyo, wazazi wenzetu, mtoto akija na bunduki ya mti au kifaru cha bati, msikivunje upesi, wala msicheke na kupita. Mketisheni, mkamwulize kama mzee yule alivyouliza: ndani yake wamo watu wangapi? Na nyuma yake wanatembea akina nani? Ikiwa nyumbani kwenu yuko mzee aliyeyaona, mwacheni ajibu yeye, nanyi msimharakishe.

Kifaru kile kipo sasa juu ya kabati la darasa. Mtoto amefinyanga watu wanne kwa udongo wa kichuguu, na hawaenei ndani, maana aliwafanya wakubwa kuliko kipimo. Alituuliza kama awapunguze. Tulimwambia awaache walivyo, awaweke kando yake.