Volkano Ndani ya Fungu la Magadi

"Mwalimu, na sisi Tanzania tunazo?"

Aliyeuliza ni mtoto wa darasa la tano, shule iliyo hatua chache kutoka soko la Kariakoo. Nilikuwa nimemaliza kueleza jinsi mlima wa volkano Vesuvius ulivyoufukia mji wa Pompeii mwaka 79. Swali lake lilinichoma. Nilikuwa nimewapeleka Italia kabla ya kuwafikisha Arusha.

Jumamosi nikaingia sokoni kununua magadi. "Ya maharage au ya makande, mwalimu?" akauliza mama muuzaji. Nikamwambia ni ya somo. Akaniongezea kipande.

Jumatatu tukayaponda, tukayakamulia ndimu. Povu likafoka, darasa zima likasimama. Niliwaambia wazi kwamba hiyo si volkano. Lakini povu lile ni hewa ya ukaa inayotafuta njia ya kutoka, na gesi hiyo ni miongoni mwa zinazosukuma uji wa moto kutoka chini ya ardhi.

Kisha nikawachorea Ziwa Natron la mkoani Arusha, lililojaa magadi, na kusini yake Ol Doinyo Lengai, ambao Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu. Ndio volkano hai pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya namna yake, yenye magadi tele. Lava ya volkano nyingine huweza kupita nyuzi joto 1,000. Ya Lengai hufika kati ya 500 na 600 tu. Hutoka nyeusi, nyepesi kama mafuta machafu ya gari, kisha ikipata unyevu hugeuka nyeupe. Na ndani yake mna madini yaitwayo nyerereite, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Hapo walinyamaza. Jina la yule wanayemwona kwenye noti ya shilingi 1,000 limo ndani ya jiwe la mlima!

Binti mmoja, ambaye baba yake huuza vitenge, akasema shangazi yake aliikimbia nyumba yake huko Goma, Kongo. Ni kwa sababu ya mlima wa volkano Nyiragongo, uliolipuka tarehe 22 Mei 2021. Nikaweka chaki chini, tukamsikiliza yeye. Alieleza anga jekundu usiku na watu waliobeba magodoro kichwani, kama alivyosimuliwa. Sikuwa na cha kuongeza.

Vesuvius nitaufundisha tena, una haki yake. Ila nawaomba walimu wenzangu wa mjini: kabla ya kuuchora ubaoni, piteni sokoni mnunue fungu la magadi na ndimu mbili.