Kabla ya Kuinua Fimbo

Soma kwa ajili ya somo hili: Mwanzo 3:8–13, Kutoka 19:10–13, Kutoka 21:28, 29, Hesabu 22:21–35, Zaburi 32:8, 9, Mithali 12:10, Mathayo 5:37, 1 Wakorintho 14:8, Waefeso 6:4.

Waswahili husema kwamba asante ya punda ni mateke. Methali hiyo hutajwa mtu aliyetendewa mema anapolipa mabaya, na kila aliyeishi karibu na punda wa mizigo anajua ilikotoka. Lakini methali imemhukumu punda bila kumsikiliza. Haiulizi mateke yalianzaje. Haiulizi kama alikuwa na kidonda chini ya tandiko, au kama aliyemkaribia alitokea nyuma, mahali ambapo jicho lake halifiki. Wala haiulizi kama kwa tendo lile lile jana alipewa pumba, na leo amepewa bakora.

Swali la somo hili ni hili: Je, ni haki kumwadhibu asiyetii kabla ya kuhakikisha kwamba ameelewa? Likimhusu mnyama, swali hili huonekana dogo. Huwa zito zaidi likimhusu mtoto, mwanafunzi, msaidizi wa nyumbani, au mshiriki mpya wa kanisa. Na huwa zito kuliko yote likiulizwa juu ya Mungu, ambaye Shetani amemshtaki tangu mwanzo wa pambano kuu kwamba ni mtawala asiyejali wale anaowatawala.

Punda aliyeona zaidi ya nabii

Soma Hesabu 22:21–35. Punda wa Balaamu alikuwa akisema nini kabla hajafunguliwa kinywa?

Mara tatu punda yule alisema na bwana wake kwa lugha pekee aliyokuwa nayo. Kwanza aliacha njia akaingia kondeni. Kisha, katika njia nyembamba kati ya mashamba ya mizabibu, alijibana ukutani hata mguu wa Balaamu ukaumia. Mwishowe, palipokosekana nafasi ya kugeukia kuume wala kushoto, alilala chini. Ujumbe wake ulizidi kuwa wazi kila mara, na kila mara jibu lilikuwa fimbo.

Balaamu alikuwa ameitwa kutoka mbali kwa sababu ya maneno yake. Mfalme Balaki aliamini kwamba anayebarikiwa na mtu huyu amebarikiwa, na anayelaaniwa naye amelaaniwa. Lakini mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusikia yasiyosikiwa na wengine hakumsikia mnyama aliyemkalia mgongoni. Alitamani kuwa na upanga amuue, asijue kwamba upanga ulikuwapo tayari, na ulikuwa umefutwa kwa ajili yake mwenyewe.

Punda alipopewa kinywa hakulaani. Aliuliza amekosa nini. Tena aliuliza kama ilikuwa desturi yake kutenda hivyo tangu Balaamu alipoanza kumpanda. Balaamu akakiri kwamba haikuwa. Kwa neno hilo moja kesi yake ilianguka. Mnyama aliyekuwa mtulivu siku zote akibadilika ghafula, jambo la kwanza ni kuuliza kuna nini njiani. Ellen White, katika sura inayomhusu Balaamu ndani ya Wazee na Manabii, kitabu kilichochapwa mwaka 1890, alikitumia kisa hiki kukemea ukatili kwa wanyama, akiuhesabu kuwa dhambi. Hilo lapatana na Mithali 12:10, ambapo kumjali mnyama ni alama ya mwenye haki.

Farasi aliyefungwa chuma kinywani

Katika nchi ambazo farasi alitumika kwa safari, kilimo na vita, watu walilazimika kulifikiri swali hili kwa karne nyingi. Katika karne ya nne kabla ya Kristo, Xenophon, askari na mwandishi wa Athene, aliandika kitabu juu ya ufundi wa kupanda farasi, na humo alionya kwamba mtu asishughulike kamwe na farasi akiwa na hasira.

Mwaka 1858 Mmarekani mmoja kutoka Ohio, John Solomon Rarey, alikuwa Uingereza akionyesha ufundi wake wa kutuliza farasi wakali. Akapambanishwa na Cruiser, farasi dume wa jamii ya mbio, mali ya Lord Dorchester. Cruiser alijulikana kwa kushambulia waliomhudumia, hata akawekwa peke yake, amefungwa chuma kizito kinywani asiume. Watu walimwogopa, naye akajifunza kuwaogopa watu. Kila upande ulijilinda dhidi ya mwingine, na kila hatua ya kujilinda ilionekana na upande wa pili kuwa ni vita. Ndani ya saa chache Rarey alikuwa amemtuliza kiasi cha kupandwa. Baadaye alimwonyesha mbele ya umati mjini London, na hatimaye akarudi naye Ohio.

Si yote aliyoyafanya Rarey yangesifiwa leo. Alitumia mikanda kumfunga farasi mguu wa mbele na kumlaza chini, njia ambayo wafunzaji wengi wa sasa wangeiona kuwa ni kumshinda mnyama kwa nguvu. Lakini mambo mawili aliyofundisha yamedumu. Kwanza, farasi hupigana na kile asichokielewa. Akipewa nafasi ya kukinusa na kukigusa, hofu hupungua. Pili, mtu asiyeweza kutawala woga na hasira yake mwenyewe hafai kumfundisha farasi.

Lugha ya kamba

Soma 1 Wakorintho 14:8 na Mathayo 5:37. Kuna uhusiano gani kati ya sauti isiyofahamika na “ndiyo” isiyokuwa ndiyo?

Wafunzaji wa leo hufanya sehemu kubwa ya kazi wakiwa wamesimama chini, kabla hawajafikiria kupanda. Farasi mkali anapoletwa, kwanza huitwa daktari wa mifugo. Jino bovu, mgongo wenye maumivu, kwato zilizoharibika au tandiko lisilomfaa huweza kumfanya mnyama mwema aume. Kumpiga anayeumwa ni kurudia kosa la Balaamu.

Ugonjwa usipopatikana, somo huanza na kamba. Mfunzaji humwomba farasi arudi nyuma hatua moja tu. Huanza kwa kumtazama na kusimama wima. Farasi asiposogea, huinua mkono. Kisha hutikisa kamba kidogo, kisha zaidi. Mara tu farasi anapohamisha uzito wake kuelekea nyuma, kila kitu hukoma: mkono hushuka, kamba hulegea, mfunzaji hutulia. Kule kulegea ndiko kunakomfundisha. Farasi hutambua kwamba mzigo umeondoka alipofanya jambo lile, na kesho atalifanya mapema zaidi.

Kwa sababu hiyo mfunzaji asiyekuwa mwangalifu hufundisha asichokusudia. Akichelewa kulegeza kamba, farasi hajui ni tendo lipi lililokubaliwa. Akirudi nyuma kwa hofu wakati farasi anaonyesha meno, amemfundisha kwamba meno hufanya kazi. Akimwacha asubuhi amsukume kwa kichwa akitafuta karoti mfukoni, huku akicheka, kisha jioni akampiga kwa kusukuma kule kule, amefanya “ndiyo” ya asubuhi kuwa “siyo” ya jioni. Mnyama kama huyo hana njia ya kutii, kwa kuwa hakuna amri moja mbele yake.

Tena farasi huonya kabla ya kuuma. Hulaza masikio nyuma, hupiga mkia, hukaza mdomo. Akiadhibiwa kila anapoonya, anaweza kuacha kuonya na kuanzia kwenye kuuma moja kwa moja. Ndipo watu husema, “Ameuma ghafula,” kumbe alisema kwa muda mrefu mpaka akakatazwa kusema. Nyumba nyingi zina mtoto wa namna hiyo. Alipolia aliambiwa anyamaze, alipouliza aliambiwa ana kiburi, na siku alipotoroka nyumbani wazazi walishangaa imetokea wapi.

Upole si kuachilia

Soma Kutoka 21:28, 29. Sheria hii yamwekea nani wajibu, na kwa nini?

Wengine, wakichukizwa na fimbo, hukimbilia upande wa pili. Humpapasa farasi anayewakanyaga na kumlisha anayewauma, wakidhani huo ndio upendo. Lakini farasi mzima aweza kuwa na uzito wa kilo 500, na mnyama wa uzito huo asiyejua mpaka wake ni hatari kwa mtoto atakayepita karibu naye. Sheria ya Musa ilikuwa wazi: mwenye ng’ombe aliyekuwa na desturi ya kupiga watu kwa pembe, akionywa asimzuie, damu itakayomwagika itakuwa juu yake. Mungu hakumruhusu mwenye mnyama kujificha nyuma ya wema wake.

Basi njia iliyo sawa si ya katikati, nusu ukali na nusu ulegevu. Mpaka uwekwe mapema, usemwe kwa namna inayoeleweka na anayeambiwa, uwe ule ule asubuhi na jioni, na mkono ushuke mara tu unapoheshimiwa. Wajibu wa kwanza wa uwazi uko juu ya mwenye nguvu zaidi. Yeye ndiye aliyeshika kamba, ndiye aliyechagua lugha, na ndiye anayeweza kuondoka akitaka.

Mtoto si farasi. Ameumbwa kwa mfano wa Mungu, naye anaweza kuuliza kwa nini. Kwa hiyo deni analodai kwa wazazi wake ni kubwa zaidi, wala si dogo. Mtume Paulo, katika Waefeso 6:4, anawaagiza akina baba walee watoto kwa adabu na maonyo ya Bwana, lakini kabla ya hapo anawakataza kuwachokoza hadi kukasirika. Mtume hakuona kupingana kati ya mambo hayo mawili. Adabu ambayo mtoto haielewi humfundisha kumwogopa baba, bila kumfundisha ubaya wa kosa.

Mungu asemaye kwanza

Soma Zaburi 32:8, 9. Kuna tofauti gani kati ya kuongozwa kwa jicho na kuongozwa kwa lijamu?

Katika zaburi hiyo Mungu anaahidi kumfundisha mtu, kumwonyesha njia, na kumshauri huku jicho lake likimtazama. Kisha anamsihi asiwe kama farasi au nyumbu anayehitaji chuma kinywani. Mpangilio huo una maana. Jicho limetajwa kwanza, na chuma baadaye. Farasi aliyefundishwa vizuri husogea kwa kutazamwa tu, na mwanadamu aliyeumbwa kwa ajili ya ushirika na Mungu alikusudiwa kuongozwa kwa ukaribu huo.

Hivyo ndivyo Maandiko yanavyomwonyesha Mungu tangu mwanzo. Katika Edeni amri ilitolewa kwa maneno machache, pamoja na matokeo ya kuivunja. Adamu na Hawa walipoanguka, neno la kwanza la Mungu lilikuwa swali, likafuatwa na maswali mengine, kabla hukumu haijatamkwa. Pale Sinai aliagiza mpaka uwekwe kuzunguka mlima na watu waambiwe, kabla utukufu haujashuka. Sheria yake aliinena watu wakisikia, kisha akaiandika kwenye mawe. Na katika amri ya Sabato aliwakumbuka hata wanyama, ili pumziko la bwana wao liwe pumziko lao pia.

Kwa Waadventista Wasabato, fundisho la hukumu ya upelelezi hukaa mahali hapa hapa. Mungu ajuaye yote hana haja ya kuchunguza ili apate kujua. Lakini hufungua vitabu mbele ya viumbe vyake, ili pasiwe na yeyote atakayesema kwamba aliadhibiwa asielewe. Ikiwa Mwenye uwezo wote hufanya hivyo, mwanadamu anayeinua mkono bila kuuliza amejipa mamlaka ambayo Mungu mwenyewe hayatumii.

Malaika alimwambia Balaamu kwamba kama punda asingegeuka, yeye angeuawa, na punda angeachwa hai. Aliyepigwa mara tatu kwa ukaidi ndiye aliyemwokoa aliyempiga.

Maswali ya Kujadili

1. Ni maagizo gani nyumbani kwenu hubadilika kulingana na hali ya moyo ya anayeyatoa? Watoto hujifunza nini kutokana na hilo?

2. Mshiriki mpya anapoonywa na kanisa kwa jambo ambalo hakufundishwa vizuri kabla ya ubatizo, kosa ni la nani? Jadilini mkizingatia Kutoka 21:28, 29.

3. Je, kuna wakati ambapo adhabu ni haki hata kama anayeadhibiwa hajaelewa? Toeni sababu kutoka katika Maandiko.

4. Fikiri juu ya mtu aliyekukasirisha juma hili. Kabla ya kumjibu, ni swali gani ambalo hukumwuliza?